Kompyuta kuukuu, bando dogo: Jinsi ya kuweka kompaila ukiwa Kebirigo

Mtihani wa KCSE huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na wengi wanaopata nafasi chuoni huripoti Agosti au Septemba. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni karibu miezi tisa ya kukaa nyumbani. Kama nyumbani kwenu ni Kebirigo, kaunti ya Nyamira, unajua siku zinavyokwenda. Asubuhi ni kuchuma majani chai, mchana ni kuteremka senta kuona mabeste, jioni ni simu mkononi hadi bando liishe.

Mzazi mwenye nia njema atakwambia uende ukasomee pakeji za kompyuta, yaani kuandika barua na kuchora jedwali. Si ushauri mbaya. Lakini kuna jambo jingine unaloweza kulifanya kwenye kompyuta hiyo hiyo, bila karo: kujifunza kuiandikia programu zako mwenyewe. Chombo cha kwanza unachohitaji kwa kazi hiyo kinaitwa kompaila, na kinapatikana bure, kihalali.

Hapa tunaichukua Kebirigo kama kipimo. Mashine ni ya mezani, kuukuu, pengine ni ile ya ex-UK ambayo binamu alinunua Nairobi akaichoka. Intaneti ni ya kupimia. Stima hupotea mvua ikinyesha. Ukiweza katika hali hiyo, Umoja au Pipeline haitakushinda.

Kompaila ni nini hasa?

Kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wa Kiswahili alivyokuzoesha) haielewi Kiswahili, Kiingereza wala Ekegusii. Inaelewa maagizo ya namba tu. Binadamu naye hawezi kukaa kutwa akiandika namba tupu. Kwa hivyo tunaandika kwa lugha ya katikati, kama vile C, kisha programu maalumu inatafsiri.

Kuna aina mbili za watafsiri. Fikiria mhubiri mgeni kanisani na mkalimani aliyesimama kando yake. Mhubiri anatoa sentensi moja, mkalimani anaitafsiri papo hapo. Mkalimani akiondoka, mahubiri yamekwama. Lugha kama Python hufanya kazi karibu hivyo. Sasa fikiria mtu mwingine anayechukua mahubiri yote, anakwenda kuyatafsiri hadi mwisho, kisha anakuletea kijitabu kamili. Kuanzia hapo humhitaji tena, unasoma mwenyewe. Huyo ndiye kompaila. Akimaliza kazi, unabaki na faili inayoweza kuendeshwa kwenye mashine nyingine ya aina hiyo hata kama haina kompaila ndani.

Wazo hili si geni. Mwaka 1952 Mmarekani Grace Hopper alikuwa tayari ametengeneza mojawapo ya kompaila za mwanzo kabisa. Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usidhani imezeeka ikafa. Kiini cha Linux, ambacho pia ndicho kiini cha Android iliyo kwenye simu yako, kimeandikwa kwa C. Hata Python yenyewe, ile inayotumiwa na wengi, imeandikwa kwa C.

Bure, tena kwa leseni

Kompaila tutakayoiweka inaitwa GCC. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 akitaka watu wawe na programu wanazoweza kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa bila kuomba ruhusa. Leseni yake inaitwa GPL, na ndiyo inayokuhusu zaidi ukiwa Kebirigo kuliko ukiwa Westlands.

Kwa nini? Kwa sababu inakuruhusu kunakili. Mmoja wenu akiipakua mara moja, anaweza kuwapa wengine kumi kwa flashi, na hakuna aliyeiba. Mwenye saiba anaweza hata kukutoza pesa kidogo kwa kazi ya kukunakilia, na hilo pia linaruhusiwa. Asichoweza kufanya ni kukuzuia usimpe mwingine.

Jambo la pili: programu utakayoitengeneza kwa kutumia GCC ni yako. Ukitaka kuiuza kwa mwenye duka la pembejeo, uza. Huna deni la mtu.

Linganisha na ile tabia ya kutafuta programu ghali "iliyovunjwa" kwenye tovuti zisizojulikana. Hapo unavunja sheria, na mara nyingi unajipakulia virusi juu yake. Kuna pia nakala za zamani za kompaila ya skrini ya bluu, Turbo C++, ambazo bado huzunguka kwenye flashi. Hizo ni za enzi za DOS. Zitakufundisha mitindo ambayo kompaila za leo huikataa. Waachie wenyewe.

Kabla ya kugusa bando, kagua mashine

Washa kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha Pause, au fungua Settings, uingie System, kisha About. Andika mambo matatu kwenye karatasi: ni Windows gani, ni ya biti 32 au 64, na ina RAM kiasi gani. RAM ya GB 2 inatosha kabisa kwa kazi yetu. Nafasi ya GB 2 iliyo wazi kwenye diski inatosha pia.

Hilo la biti usilipuuze. Programu ya biti 64 haiwezi kuendeshwa kwenye Windows ya biti 32, na kompyuta kuukuu nyingi zina Windows ya biti 32. Usipokagua, utamaliza bando halafu usomewe ujumbe kwamba faili haifai.

Kupakua bila kupoteza data

Njia rahisi kwa anayeanza kwenye Windows ni Code::Blocks, yaani sehemu ya kuandikia programu iliyofungwa pamoja na GCC. Nayo ni huria. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba yote huja katika faili moja. Ukishaipata, kusakinisha hakuhitaji intaneti hata kidogo.

Nenda codeblocks.org, sehemu ya Downloads, uchague faili zilizo tayari kusakinishwa. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hivyo soma polepole. Utaona faili kadhaa zenye majina yanayofanana. Chukua iliyo na neno mingw ndani ya jina lake. Hiyo ndiyo iliyobeba GCC ya Windows. Zisizo na neno hilo zina sehemu ya kuandikia tu, hazina kompaila. Ni kama kununua jiko la gesi bila mtungi: linang'aa jikoni, lakini chai haiivi.

Yenye mingw ni kubwa mara kadhaa kuliko isiyo nayo, na udogo wa hiyo nyingine ndio huwavutia wenye bando dogo. Usidanganyike. Kama mashine yako ni ya biti 32 au ina Windows 7, tafuta toleo la 20.03, ambalo bado linazikubali mashine hizo, na uchague faili ya biti 32 panapohitajika.

Ukibonyeza, unaweza kupelekwa kwenye ukurasa wenye matangazo. Baadhi ya matangazo hayo yana vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Download". Si vyako. Subiri upakuaji uanze wenyewe, kisha ulinganishe jina la faili na lile ulilochagua. Jina likiwa tofauti, futa.

Si lazima kompyuta yako iwe na intaneti. Pakua kwa simu mahali penye mtandao mzuri, hata ukiwa Nyamira mjini umeenda shughuli nyingine, kisha uhamishe kwa waya wa USB. Usipakue kwa ile bando ya saa moja ukiwa mahali ambapo mtandao unayumba. Saa itaisha faili ikiwa nusu, na nusu faili ni sifuri.

Kusakinisha

Bonyeza faili mara mbili, ukubali leseni (isome hata kidogo, maana ndiyo iliyokupa haki ya kugawa), uache alama zote zilizowekwa, kisha Next hadi mwisho. Mashine ikiwa nzee itachukua dakika kadhaa. Kuwa mpole.

Ukiifungua mara ya kwanza, kidirisha kitatokea kuonyesha kompaila zilizopatikana. Unatafuta maandishi "GNU GCC Compiler" na neno "Detected" kando yake. Ukiyaona, umefika. Usipoyaona, uwezekano mkubwa ni kwamba ulichukua faili isiyo na mingw. Rudi hatua moja nyuma.

Programu ya kwanza: hesabu ya majani chai

Vitabu vingi huanza na programu inayosalimia dunia. Sisi tuanze na kitu ambacho hata nyanyako atakiuliza: kilo zetu zimetupa pesa ngapi? Fungua File, New, Empty file, kisha andika hivi, alama kwa alama:

```
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    double kilo, bei;

    printf("Kilo ngapi? ");
    scanf("%lf", &kilo);

    printf("Bei kwa kilo? ");
    scanf("%lf", &bei);

    printf("Malipo: Sh%.2f\n", kilo * bei);
    return 0;
}
```

Hifadhi kwa jina chai.c. Hakikisha mwisho ni .c, si .txt. Bonyeza F9. Kidirisha cheusi kitafunguka na kukuuliza kilo. Andika 12.5, kisha bei, tuseme 25 kwa mfano tu. Itakujibu Sh312.50.

Hiyo ni programu yako. Angalia ndani ya folda uliyohifadhi: kuna faili mpya, chai.exe. Hicho ndicho kijitabu kilichotafsiriwa. Ukimpa rafiki, mwambie aiendeshe ndani ya Command Prompt. Akiibonyeza tu mara mbili, itauliza maswali, itatoa jibu, halafu kidirisha kitafungika kabla hajasoma. Atadhani umempa virusi. Kwa kweli, hata programu za kukinga virusi wakati mwingine huishuku faili mpya ambayo haijawahi kuonekana popote. Usiogope, ni yako, unajua kilichomo.

Kompaila ikikufokea

Futa alama ya nukta-mkato mwishoni mwa mstari mmoja, kisha ubonyeze F9 tena. Itakataa, ikuonyeshe namba ya mstari na kusema ilitarajia alama hiyo. Kumbuka kwamba wakati mwingine kosa liko mwisho wa mstari uliotangulia ule unaoonyeshwa, kwa sababu kompaila hugundua pengo inapofika kwenye neno linalofuata.

Makosa yakiwa ishirini, usitishike. Rekebisha la kwanza tu, kisha ubonyeze tena. Mara nyingi kumi na tano yatatoweka yenyewe.

Lakini kuna kosa jingine la hatari zaidi, na ni vizuri ulijue mapema. Badilisha mistari ya kilo iwe hivi:

```
    int kilo;
    double bei;
    printf("Kilo ngapi? ");
    scanf("%d", &kilo);
```

Mengine yaache yalivyo. Bonyeza F9. Kompaila haitalalamika. Sasa andika 12.5. Kabla hujaandika bei, programu itakimbia na kutoa jibu: Sh6.00.

Nini kimetokea? Neno int humaanisha namba nzima. Programu ilisoma 12, ikafika kwenye nukta na kuacha pale. Ilipohitaji bei, ikakuta .5 imebaki njiani, ikaichukua kama bei. Mara 12, unapata shilingi 6. Mkulima aliyebeba kilo 12 na nusu mgongoni kutoka shambani amelipwa shilingi sita, na hakuna mtu aliyeona kosa.

Hapa ndipo penye somo. Kompaila hukagua sarufi yako, haikagui ukweli wako. Ni sawa na mwalimu wa insha anayesahihisha herufi bila kujali kama uliyoyaandika yalitokea. Kwa hivyo zoea kuipa programu yako namba ambazo jibu lake unalijua kichwani kabla ya kuiamini na namba usizozijua. Ukiweza kutengeneza programu inayokagua risiti ya majani ya mwezi mzima, pia unajua jinsi programu ya mtu mwingine inavyoweza kukosea risiti yako.

Ushauri mmoja wa kitaalamu: ndani ya Settings, kisha Compiler, kuna orodha ya visanduku. Weka alama kwenye kilichoandikwa -Wall. Kuanzia hapo GCC itakuonya kuhusu mambo mengi ya kutiliwa shaka, kwa mfano ukisahau ile alama ya & ndani ya scanf. Onyo halizuii programu kuendeshwa, ndiyo maana wengi hulipuuza. Usiwe mmoja wao.

Windows ikikushinda, kuna Linux

Kama mashine yako ina Windows 10, jua kwamba Microsoft ilikoma kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi kuukuu haziwezi kubeba Windows 11. Huo ni wakati mzuri wa kuwazia Linux, ambayo pia ni bure na inaweza kunakiliwa kwa flashi. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Jina lenyewe ni la Kibantu. Mswahili analisikia kama utu, na Mgusii analisikia ndani ya omonto. Kwa mashine dhaifu, tumia Xubuntu au Linux Mint Xfce, ambazo ni nyepesi zaidi.

Ukishafika huko, GCC huwekwa kwa mstari mmoja kwenye kidirisha cha amri:

```
sudo apt install build-essential
```

Kisha, ukiwa kwenye folda yenye faili yako:

```
gcc -Wall chai.c -o chai
./chai
```

Tahadhari moja. Njia hii huchukua vitu kutoka intaneti wakati wa kusakinisha, kwa hivyo fanya kazi hiyo siku yenye bando. Tena usiweke Linux juu ya kompyuta yenye picha za harusi ya mjomba kabla ya kuzinakili kwingine. Hapo hata wazee hawatakuombea msamaha.

Mvua, radi na stima

Kompyuta ya mezani haina betri. Stima ikipotea, kila ambacho hujahifadhi kimekwenda. Jizoeze kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza mistari miwili mitatu, mpaka vidole vifanye bila kuambiwa. Mwisho wa siku, nakili faili zako za .c kwenye flashi. Ni ndogo mno, mia moja hazijazi hata kona.

Na ukiwa nyanda za Gusii, huhitaji kukumbushwa kuhusu radi. Mawingu yakianza kunguruma, zima mashine, kisha uchomoe waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Baada ya hapo?

Tusidanganyane. Kuwa na kompaila hakukupi kazi, kama vile kuwa na jembe hakukupi mavuno. Miezi tisa haitakufanya mhandisi. Ila inatosha kukuonyesha kama kazi hii inakufaa kabla hujajaza fomu ya KUCCPS kwa kufuata jina la kozi linalovutia. Wapo wanaogundua mwaka wa pili wa chuo, karo imeshalipwa, kwamba hawapendi kukaa saa tatu wakisaka nukta-mkato. Wewe unaweza kugundua hilo bila gharama, ukiwa nyumbani.

Kwa masomo, CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard iko mtandaoni bure, na wiki zake za mwanzo hufundisha C hii hii. Pakua maelezo yake yaliyoandikwa badala ya video, yanakula data kidogo sana.

Na kwa wiki hii ya kwanza, chukua kazi hii. Ifanye chai.c iulize kilo za siku 30, izijumlishe, kisha itoe malipo ya mwezi. Utahitaji kitu kinachoitwa "for", na utakosea mara nyingi. Ikikubali, omba risiti ya mwezi uliopita hapo nyumbani, uingize namba zake moja moja. Majibu yakilingana, mwonyeshe aliyezichuma hizo kilo. Yasipolingana, anza kwa kukagua msimbo wako, kisha ukague risiti.